Khi-kare na yale isiyoweza kutuambia

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa afya ya jamii na sayansi za jamii, Lubumbashi, mbele ya walimu wao na wafanyakazi wa zoni za afya

Maprofesa na wakubwa zangu katika kazi hii, papa na mama mliotoka kwenye zoni za afya mkaacha shughuli zenu asubuhi hii, na ninyi vijana mnaojiandaa kusimama mbele ya juri: jambo kwenu nyote.

Mada niliyopewa ni khi-kare, au kai-mraba kama wanavyoiita ndugu zetu wa Tanzania: kipimo cha takwimu cha kuangalia kama mambo mawili yanahusiana au yamekutana kwa bahati tu. Anayefungua memwari, yaani tasnifu za kumaliza masomo, za mji huu hawezi kuikwepa. Sura ya matokeo ina jedwali la mistari na safu, chini yake pana herufi ya Kigiriki na namba, halafu sentensi moja: p ni ndogo kuliko 0.05, kwa hiyo uhusiano upo. Juri inasoma, inapita. Lakini sentensi ile haiishii kwenye rafu ya maktaba. Inafika siku msimamizi wa zoni ya afya anaitafuta ili aamue foraje, kile kisima kirefu cha mashine, ichimbwe upande gani, au klorini ianzie mtaa upi mvua zinapoanza na kipindupindu kinanyemelea. Uamuzi huo unagusa watoto wa watu. Ndiyo maana ninaomba mnivumilie kwa hesabu kidogo leo, maana bila hesabu maneno yangu yatabaki hewani.

Ninachoshikilia ni hiki. Khi-kare yenyewe haina ubaya. Ni kipimo kizuri, chepesi, kimewasaidia watafiti kwa zaidi ya karne moja. Ila inapokea namba tu. Haijui namba zimetoka wapi, nani alihesabiwa, wala kama waliohesabiwa wanalala mkeka mmoja. Kasoro nyingi ninazokutana nazo hazimo katika kukokotoa, kwa sababu kompyuta haikosei kujumlisha. Zimo katika yaliyotangulia: kule kwenye parsele, yaani kiwanja chenye nyumba za watu, kwenye fishi, yaani karatasi ya majibu ya kila aliyeulizwa, na kwenye swali lililoulizwa.

Tuwe na mfano mbele yetu. Chukueni watoto 200 wa Katuba, komini ya hapa Lubumbashi. Hesabu hizi nimezitunga kwa ajili ya somo, kwa hiyo msizinukuu popote. Watoto 100 wanaishi kwenye parsele zenye visima vya kuchimba kwa mkono, na 100 kwenye parsele zinazochota maji ya bomba. Mama zao wameulizwa kama mtoto amehara katika wiki mbili zilizopita. Upande wa visima wamehara 30, upande wa bomba 18.

Khi-kare inaanza kwa kudhani kwamba maji hayahusiki kabisa. Kama ni hivyo, wagonjwa wote 48 wangegawanyika sawasawa: 24 huku, 24 kule, na wazima 76 kila upande. Hayo ndiyo matarajio. Tulichohesabu kinapishana na matarajio kwa 6 katika kila kisanduku. Sita mara sita ni 36. Unaigawa kwa tarajio la kila kisanduku, unajumlisha visanduku vyote vinne, unapata 3.95. Mpaka wa kawaida, kwa digrii moja ya uhuru (yaani kisanduku kimoja tu kiko huru, ukikijaza jumla zinavifunga vingine) na kwa hatari ya 5 katika 100, ni 3.84. Tumevuka. Thamani ya p ni 0.047, na mwanafunzi anaandika kwa furaha kwamba uhusiano ni wa maana.

Sasa rudini kwenye fishi moja tu. Tuseme mama mmoja wa upande wa visima alikumbuka vibaya, mtoto alihara wiki tatu zilizopita na si mbili. Wagonjwa wa upande ule wanakuwa 29. Kokotoeni upya: 3.37. Hatujavuka tena. Kumbukumbu ya mama mmoja kati ya 200 imegeuza hukumu yote ya memwari. Au iacheni fishi ilivyokuwa, lakini tumieni masahihisho ya Frank Yates ya mwaka 1934, yanayopunguza nusu kutoka katika kila tofauti kwa sababu watu huhesabiwa kwa namba kamili ilhali mkunjo wa khi-kare ni mfululizo usiokatika. Mnapata 3.32, na p inakaribia 0.07. Wapo wanatakwimu wanaosema, na mimi nakubaliana nao, kwamba Yates anabana mno. Hata hivyo, matokeo yanayosimama au kuanguka kwa kubonyeza kitufe kimoja cha programu hayastahili kuandikwa kwa sauti ya uhakika.

Na p yenyewe mnaisomaje? Mwaka 2016 Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi juu ya jambo hili, kwa kuwa makosa yalikuwa yamezidi hata kwa wataalamu. Ile 0.047 inasema hivi: kama maji hayahusiki kabisa, na kama masharti yote ya kipimo yametimizwa, tofauti kubwa kama hii au kubwa zaidi ingetokea kwa bahati mara 5 hivi katika 100. Haisemi kwamba kuna uhakika wa 95 kwa 100 kuwa visima ndivyo vinavyowaumiza watoto. Haisemi madhara ni makubwa kiasi gani. Na mkumbuke maneno yale, kama masharti yote yametimizwa. Hapo ndipo nitakapokaa muda mrefu.

Sharti la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba kila aliyehesabiwa awe ameingia kwenye jedwali peke yake, bila kuvutwa na mwenzake. Sharti hili limo katika vitabu vyote. Mwanafunzi analinakili katika sura ya mbinu, halafu anakwenda kwenye komini zetu za Katuba au Kenya au Ruashi na kulivunja tangu lango la kwanza.

Ingieni pamoja nami katika parsele moja ya Katuba. Mbele kuna nyumba ya mwenye parsele, nyuma yake vyumba vya wapangaji, milango mitatu au minne. Kisima kiko katikati ya ua, mdomo umefunikwa kwa kipande cha bati, na ndoo ya kuchotea ni moja, imefungwa kamba, inawekwa chini kwenye udongo kila baada ya kuchota. Choo ni kimoja, pale ukutani. Jioni watoto wa milango yote wanazunguka bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga, wamenawa katika beseni moja, maji yale yale. Mmoja akianza kuhara Jumatatu, Alhamisi wako watatu. Ijumaa mdodosaji anafika na fishi zake: mtoto wa kwanza, ndiyo; wa pili, ndiyo; wa tatu, ndiyo. Kwake ni fishi tatu. Kwa khi-kare ni ushahidi wa mara tatu. Lakini ugonjwa uliingia mara moja tu, katika ua mmoja.

Watoto wa ua mmoja wanafanana, na kufanana huko kunapimika. Leslie Kish, mwaka 1965, alieneza njia ya kukadiria hasara tunayoipata: unachukua idadi ya watoto kwa parsele, unatoa moja, unazidisha kwa kiwango chao cha kufanana, halafu unaongeza moja. Tuseme katika mfano wetu kila parsele imetoa watoto 4 na kufanana kwao ni 0.3. Unapata 1.9. Maana yake ni kwamba watoto wetu 200 wana uzito wa taarifa wa watoto 105 hivi waliochaguliwa mmoja mmoja. Gaweni 3.95 kwa 1.9, mnabaki na 2.08. Hatuko hata karibu na mpaka. J. N. K. Rao na Alastair Scott waliitengeneza njia hii vizuri zaidi katika miaka ya 1981 na 1984, na leo imo ndani ya programu za takwimu za Stata na R, na hata Epi Info ina sehemu ya sampuli za aina hii. Kwa hiyo chombo tunacho. Kinachokosekana ni mwanafunzi kuandika kwenye fishi namba ya parsele. Usipoiandika siku ile ya uwanjani, hakuna programu itakayokurudishia.

Hili linawahusu pia wanaotumia data za kitaifa. Nchi yetu ilihesabu watu wake wote mara ya mwisho mwaka 1984. Tangu hapo mengi tunayoyajua juu ya afya ya mama na mtoto yanatoka katika tafiti kama ule wa Demografia na Afya wa 2013–2014, uliofika kwenye kaya zaidi ya 18,000. Kaya zile hazikuokotwa moja moja kutoka nchi nzima. Yalichaguliwa kwanza maeneo, kisha kaya ndani ya kila eneo. Faili likiwa mkononi mwako, na watu maelfu ndani yake, ukiikimbiza khi-kare ya kawaida bila kuweka maeneo wala uzito wa sampuli (namba inayosema kila kaya inawakilisha kaya ngapi), karibu kila kitu kitatoka kuwa cha maana. Nimeshaona majedwali yenye p ndogo mstari hadi mstari, mwandishi akiyasifu kwa wingi wake. Mimi wingi ule hunipa wasiwasi.

Kuna namna nyingine ya kuvunja sharti hili hili, na inatokea sana kwa wenzetu wauguzi. Mnafundisha akina mama juu ya maji ya chumvi na sukari ya kumpa mtoto anayehara. Mnawauliza kabla ya somo na baada ya somo. Akina mama ni 60. Kabla, wanaojua ni 25; baada, 35. Mtu anaweka jedwali la watu 120, khi-kare inatoa 3.33, anaandika kwamba somo halikusaidia. Lakini watu 120 hawapo! Ni mama wale wale 60, kila mmoja ameulizwa mara mbili. Quinn McNemar alieleza mwaka 1947 kwamba hapa tunapaswa kuwaangalia waliobadilika tu. Tuseme mama 14 hawakujua na sasa wanajua, na mama 4 walijua kisha wakachanganyikiwa. Tofauti ni 10, mraba wake 100, gawanya kwa 18: 5.56. Sasa somo linaonekana kuwa limefanya kazi. Nimeuleta mfano huu makusudi ili mtu asidhani kwamba kosa huwa upande mmoja tu, wa kuona kisichokuwepo. Kipimo kisicho mahali pake kinaweza kuficha kazi nzuri mliyoifanya, na mradi ukafungwa kwa sababu yake.

Nitaje kwa haraka na maswali yale ya "chagua majibu yote yanayokuhusu". Mtu mmoja akitia alama tatu, ameingia kwenye visanduku vitatu, na jumla ya jedwali inazidi idadi ya watu. Hiyo si khi-kare tena.

Tugeuke sasa kwenye namba ndogo, ambalo ndilo jambo wanafunzi wanalolijua zaidi, ingawa wengi wanalijua nusu. Mtasikia kwamba pasiwe na kisanduku chenye chini ya 5. Kanuni hiyo inahusu matarajio, haihusu hesabu mliyoiona. Kisanduku kinaweza kuwa na sifuri kwenye fishi na bado kipimo kikawa halali, kama tarajio lake linatosha. William Cochran, mwaka 1954, alilegeza kanuni hii kwa majedwali makubwa: visanduku vyenye tarajio chini ya 5 visizidi moja kwa tano, na kisiwepo hata kimoja chenye tarajio chini ya 1. Na sababu ya kanuni ni kwamba mpaka wa 3.84 unatokana na mkunjo ambao khi-kare inaukaribia tu watu wanapokuwa wengi. Wakiwa wachache, mkunjo na hali halisi vinaachana.

Vinaachana kiasi gani? Wagonjwa 12, sita wamepewa matibabu mapya na sita ya zamani. Wamepona 5 upande mmoja na 1 upande wa pili. Kila tarajio ni 3. Khi-kare inatoa 5.33, p 0.021, na mtu anashangilia. Hesabu kamili ya Fisher, inayoorodhesha njia zote ambazo wagonjwa wale sita waliopona wangeweza kugawanyika, inatoa 74 katika 924, yaani 0.08. Tofauti hiyo si ndogo. Ronald Fisher aliieleza hesabu ya aina hii kwa habari ya bibi aliyedai kwamba akionja chai anajua kama maziwa yalitangulia kikombeni au yalifuata. Vikombe 8, vinne vya kila aina: uwezekano wa kuvitambua vyote kwa kubahatisha ni 1 katika 70. Zamani hesabu hii ilichosha mkono, ndiyo maana watu walikimbilia khi-kare. Siku hizi simu yako inaifanya kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo sioni sababu ya kumtetea anayeiacha.

Na tafadhali, vijana, kwenye jedwali la khi-kare waingie watu, si asilimia. Wauguzi 20 wa kituo kimoja, 10 wanavaa glavu kila mara. Wauguzi 20 wa kituo kingine, 6. Khi-kare ni 1.67. Mtu akiandika 50 na 30 kana kwamba ni hesabu za watu mia mia, inakuwa 8.33. Amejizulia wauguzi 160 ambao hawakuzaliwa. Kosa hili halionekani kwa juri kama jedwali limechapwa kwa asilimia peke yake, ndiyo maana mimi huomba hesabu halisi ziandikwe kando ya kila asilimia.

Mfano huo wa glavu unanipeleka kwenye jambo lingine. Kwa 1.67 mwanafunzi ataandika kwamba hakuna tofauti kati ya vituo viwili. Hapana. Nusu ya wauguzi huku, chini ya theluthi kule: hiyo ni tofauti ambayo mgonjwa angeipata mwilini mwake. Kilichotokea ni kwamba watu 40 ni wachache mno kwa khi-kare kuitenganisha tofauti hiyo na bahati. Kutoona kitu gizani hakuondoi kitu. Andikeni kwamba utafiti haukuweza kuthibitisha, kisha semeni ni watu wangapi ambao wangehitajika.

Upande wa pili wa jambo hilo aliusema Joseph Berkson mwaka 1938, akiwa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani. Watu wakiwa wengi sana, khi-kare itakataa karibu kila dhana, kwa kuwa katika maisha hakuna vikundi viwili vinavyolingana kabisa. Angalieni 51 kwa 100 dhidi ya 49 kwa 100. Ukiwa na watu 100 kila upande, khi-kare ni 0.08. Ukiwa na 1,000 kila upande ni 0.8. Ukiwa na 10,000 kila upande ni 8, na p imeshuka chini ya 0.005. Tofauti haijasogea hata kidogo. Kilichokua ni idadi ya fishi. Kwa hiyo ukubwa wa khi-kare msiuchukue kuwa ni ukubwa wa uhusiano. Mkitaka ukubwa, kipo kipimo cha Harald Cramér cha mwaka 1946, kinachoanzia 0 na kuishia 1. Katika mfano huu kingewapa 0.02, na kila mtu angeelewa kwamba hakuna cha kukimbilia.

Kuna dada mmoja hapa mbele aliyeniuliza kabla hatujaanza: tukishapata uhusiano wa kweli, si tumepata sababu? Ninamshukuru, maana swali lake ndilo wanalouliza hata wafadhili. Mwaka 1973, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilipokea maombi ya kusomea shahada za juu kutoka kwa wanaume 8,442 na wanawake 4,321. Walikubaliwa wanaume 44 kwa 100 na wanawake 35 kwa 100. Weka hilo kwenye jedwali la visanduku vinne: khi-kare inapita 100. Kwa macho ya memwari zetu, ubaguzi umethibitishwa. Lakini Peter Bickel na wenzake walipoangalia idara moja moja, katika makala waliyoichapisha mwaka 1975, picha ile ilivunjika. Ukizichukua idara zote kwa pamoja kwa njia iliyo sahihi, kulikuwa hata na mwelekeo mdogo wa kuwapendelea wanawake. Wanawake walikuwa wameomba kwa wingi katika idara ngumu kuingia, zinazokataa watu wengi wa jinsia zote. Jedwali la visanduku vinne halikuwa na mahali pa kuandika idara, kwa hiyo khi-kare haikujua kwamba kuna idara.

Mambo kama hayo tunayo hapa. Hospitali kubwa inayopokea wagonjwa mahututi kutoka vituo vyote itakuwa na vifo vingi kuliko kituo kidogo cha mtaani, na khi-kare itatangaza hivyo kwa sauti kubwa. Nathan Mantel na William Haenszel walituachia tangu 1959 njia ya kugawa jedwali kwa tabaka, kisha kuunganisha matokeo ya matabaka yote. Katika mfano wetu wa Katuba, tabaka la kwanza ambalo ningelitazama ni uwezo wa kaya, kwa sababu mwenye bomba mara nyingi ana na choo bora, ana na sabuni, ana na mama aliyesoma.

Nifikie jambo ambalo linaniuma, nalo ni kuchovya huku na huku. Hojaji ina maswali 20 juu ya kaya. Mwanafunzi anayakutanisha yote, moja baada ya jingine, na ugonjwa. Hata kama hakuna hata moja linalohusika, na maswali hayategemeani, uwezekano wa kupata angalau p moja chini ya 0.05 ni 64 kwa 100. Hiyo moja inapanda hadi kwenye kichwa cha memwari, zile 19 zinazikwa. Anayefanya hivyo mara nyingi hana nia mbaya; amefundishwa kwamba kazi isiyo na "matokeo ya maana" itarudishwa. Hapa nawageukia sisi walimu na wajumbe wa juri. Tukiendelea kudai p ndogo kama tiketi ya kupita, wanafunzi watatuletea p ndogo. Tuwadai dhana iliyoandikwa kabla ya kwenda uwanjani, na orodha ya vipimo vyote vilivyofanywa, vilivyofaulu na visivyofaulu.

Historia ya khi-kare yenyewe inatuonyesha kwamba hata mabingwa walibishana. Karl Pearson wa University College London aliichapisha mwaka 1900. Kwa jedwali la visanduku vinne yeye alihesabu digrii tatu za uhuru, na mpaka wa digrii tatu ni 7.81. Greenwood na Yule waliona mwaka 1915 kwamba hapo kuna jambo lisilokaa sawa. Mwaka 1922 Fisher akaonyesha kwamba digrii ni moja tu, na mpaka ni 3.84. Kwa hiyo jedwali letu la Katuba, lenye 3.95, Pearson angesema halijavuka mpaka na Fisher angesema limevuka, kwa fishi zile zile. Pearson hakufurahi, na wawili hao hawakupatana tena. Ninawaambia hivi ili msiogope kuuliza mpaka ule unaoandikwa kwenye kioo cha kompyuta umetoka wapi.

Fisher huyo huyo aliitumia khi-kare kwa namna ambayo wengi wenu hamkuwahi kufikiria. Mwaka 1936 alizichukua hesabu za Gregor Mendel juu ya njegere. Katika mojawapo, Mendel alipata mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye makunyanzi, karibu kabisa na tatu kwa moja, uwiano ambao nadharia yake ya urithi iliutarajia. Jaribio moja kulingana hivyo si ajabu. Fisher alijumlisha majaribio yote, akapata khi-kare ya takriban 42 kwa digrii 84 za uhuru, mahali ambapo ungetegemea 84 hivi. Hesabu zilikuwa karibu mno na nadharia. Alimshuku msaidizi aliyejua mwalimu wake anatarajia nini, na mjadala huo umeendelea kwa miongo mingi. Wasimamizi wa tafiti, lichukueni hili. Data zikirudi kutoka mitaani zimenyooka kupita kiasi, kila mtaa ukilingana na mwenzake bila kuyumba, khi-kare ndogo mno inawaambia kwamba huenda fishi zilijazwa mahali pamoja, chini ya kivuli, bila kubisha mlango wa mtu.

Basi, mwenye memwari mkononi aandike nini? Kwa mfano wetu wa Katuba mimi ningeandika hivi: wamehara 30 kati ya 100 upande wa visima, 18 kati ya 100 upande wa bomba, tofauti ni pointi 12, ukizichukulia fishi kuwa zinajitegemea, tofauti ya kweli inaweza kuwa popote kuanzia karibu 0 hadi karibu 24, ukizingatia kwamba watoto wanne wanne wametoka ua mmoja, ni kuanzia −4, yaani upande wa bomba ukiwa ndio umezidi kwa pointi 4, hadi 28. Msomaji anaona upana wa tusiyoyajua. Msimamizi wa zoni anaweza kuamua kutia klorini kwenye visima hivyo hata kabla ya uhakika, kwa kuwa klorini ni nafuu na mtoto hangoji, na hapo hapo akaamua kwamba foraje ya pesa nyingi ingoje utafiti wenye parsele nyingi zaidi na watoto wachache kwa kila parsele. Maamuzi hayo mawili yametoka katika jedwali moja. "p ni ndogo kuliko 0.05" peke yake isingempa hata moja.

Nimeambiwa tunao muda wa nusu saa kabla ya ukumbi kuchukuliwa na wengine. Walioleta majedwali yao waje nayo hapa mbele pamoja na fishi, na tuanze na wale ambao fishi zao zina namba ya parsele.